Kampuni ya Kadi Si Mkweo

Wadogo zangu mlio huku Marekani, barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja. Kijana anayeendesha malori anauliza: "Dada, nimeletewa barua tatu za kadi, zote zinasema nimeshachaguliwa. Nichukue ipi?" Binti anayesomea uuguzi anataka kujua kama ni kweli lazima ubakize deni kidogo kwenye kadi ndipo alama zako za mikopo zipande. Mama wa Louisville amenyimwa kadi na haelewi kosa lake, maana bili za nyumba nzima amekuwa akizilipa yeye miaka yote, kwa kadi ya mumewe. Na yuko mwingine, huyu mji wake nausitiri, aliyetozwa faini ya kuchelewa, akailipa kimya kimya, halafu akakaa chini kuniandikia mimi malalamiko ya kurasa mbili. Mimi, jamani! Aliyekutoza namba yake iko nyuma ya kadi yako. Ungempigia, yote hayo yangekwisha kwa dakika kumi.

Nitaanza na huyo wa mwisho, kwa sababu kilichomponza ni ugonjwa wetu sote. Tumelelewa kumwonea haya anayetudai. Ukikutana naye njiani unashusha macho, akisema unaitikia, na akikukosea unasema yaishe. Adabu hiyo tumesafiri nayo, na sasa tunaifanyia kampuni ya kadi. Tunakaa mbele yake kama mbele ya mkwe: hatuulizi, hatukatai, hatuombi. Mkwe angalau akiona unamheshimu naye atakuheshimu. Kampuni ya kadi haina habari na heshima yako. Inachoona ni kwamba faini ilitozwa na mteja hakupiga simu.

Basi piga. Kama siku zote unalipa kwa wakati na hii ni mara ya kwanza, sema hivyo hivyo: mimi ni mteja wenu, rekodi yangu ni safi, mara hii nimechelewa siku mbili, pesa yenu nimeshaileta, naomba mniondolee faini. Mara nyingi wanaiondoa pale pale, kwa kuwa anayepokea simu amepewa uwezo huo. Akikataa, mshukuru, kata, piga siku nyingine upate mtu mwingine. Kama Kiingereza cha kwenye simu kinakutoa jasho, uliza kama wana mkalimani, au andika ujumbe ndani ya programu yao ya simu. Mimi hupenda ujumbe wa maandishi kuliko simu, kwa sababu kesho hakuna wa kukana alichoandika. Ukipiga simu, andika tarehe na jina la uliyeongea naye.

Na usihofu kupita kiasi. Faini inauma mfukoni, lakini siku mbili za kuchelewa hazichafui jina. Habari ya kuchelewa haipelekwi kwenye ofisi za kumbukumbu za mikopo, yaani Equifax, Experian na TransUnion, mpaka zipite siku 30 tangu tarehe ya kulipa. Zikipita 30 ndipo pana kilio, kwa sababu doa hilo hukaa miaka 7. Kwa hiyo ukijikuta umechelewa siku 20, acha kujilaumu, lipa leo.

Sasa tumjue tunayeongea naye. Watu husema "nina kadi ya Visa" kana kwamba Visa ndiyo iliyowakopesha. Visa na Mastercard ni njia ya kupitishia malipo tu. Aliyekukopesha ni benki ambayo jina lake limeandikwa kwenye kadi hiyo hiyo, na ndiyo inayopanga riba, ada na kikomo. Kadi mbili za Visa zinaweza kuwa na masharti yasiyokaribiana hata kidogo. Ndugu yako akikwambia "chukua Visa, ni nzuri", mwulize Visa ya benki gani.

Visa yenyewe ilizaliwa Fresno, California, Septemba 1958, wakati Bank of America ilipowatumia wakazi wa mji huo kadi 60,000 ambazo hawakuziomba. Jina la Visa lilikuja baadaye, mwaka 1976. Siku hizi sheria inakataza kumtumia mtu kadi asiyoiomba, ndiyo maana wanatuma barua. Kijana wangu wa malori, hizo barua tatu maana yake ni kwamba jina lako lilitokea kwenye orodha ya watu wenye alama za kiwango fulani, basi. Ukijaza maombi watakuangalia upya, na bado wanaweza kukukataa, huku kumbukumbu ya kwamba uliomba ikibaki kwenye ripoti yako miaka 2. Kabla ya kuomba, ingia kwenye tovuti ya benki yenyewe, wengi wana ukurasa wa kupima kama utakubaliwa bila kugusa alama zako. Omba moja, si zote tatu.

Mnaponiuliza kwa nini riba ni kubwa namna hii, na kwa nini bili inatoka Sioux Falls au Wilmington wakati nyinyi mko Dallas, jibu ni lile lile. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba benki inaweza kumtoza mteja wa jimbo lolote riba inayoruhusiwa kwenye jimbo ambako benki ina makao. South Dakota ikafuta kikomo chake cha riba, Citibank ikahamishia huko biashara yake ya kadi mwaka 1981, na Delaware ikatunga sheria yake ya kuwavuta wengine. Tangu hapo jimbo lako linaweza kuwa na sheria kali ya riba, na kadi yako ikakutoza 29% bila kuvunja chochote. Kinga yako ni jedwali la masharti ambalo kila kampuni inalazimika kuliweka pamoja na maombi: riba ya manunuzi, riba ya kutoa pesa taslimu, ada ya mwaka, ada ya kutumia kadi nchi za nje, faini ya kuchelewa. Lisome hilo kwanza. Picha ya ndege na ufuo utaitazama baadaye.

Uchague ipi? Nina swali moja tu, na usinijibu kwa kujionyesha: mwisho wa mwezi unalipa deni lote?

Kama unalipa lote kila mwezi, riba haikuhusu sana. Angalia ada ya mwaka na kile wanachokurudishia. Zipo kadi zisizo na ada zinazokurudishia 2% ya kila unachonunua, chochote kile, na kwa mtu anayelala barabarani siku tano kwa wiki, asiyejua kesho atakula Ohio au Oklahoma, kadi ya namna hiyo inamtosha. Kadi za pointi za ndege zenye ada ya dola mia kadhaa ni za mtu anayesafiri kweli na mwenye subira ya kuhesabu. Wengi wanaozibeba huzibeba kwa ajili ya rangi yake mezani.

Kama huwa hulipi lote, na usione aibu maana mko wengi, sahau kabisa habari ya pointi. Unarudishiwa 2% kwa mkono mmoja huku 24% inatoka kwa mkono mwingine. Wewe tafuta riba ndogo. Mahali pa kwanza pa kuuliza ni kwenye vyama vya akiba na mikopo, ndugu wa sacco tulizoziacha nyumbani. Vile vilivyosajiliwa na serikali kuu kwa sasa haviruhusiwi kutoza zaidi ya 18% kwa mwaka, wakati kadi za kawaida kwa miaka ya karibuni zimekuwa juu ya 20% kwa wastani. Uliza kama mwajiri wako, kanisa lako au kaunti yako ina chama cha kujiunga.

Tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo pesa zetu zinapolala. Deni lako ni dola 3,000, riba 24% kwa mwaka. Riba ya mwezi mmoja ni kama dola 60. Kima cha chini kwenye kadi nyingi ni riba hiyo pamoja na 1% ya deni, kwa hiyo bili itakuomba kama dola 90. Unalipa 90, unajisikia umetimiza wajibu. Kumbe 60 zimekwenda na riba, na deni limepungua 30 tu. Mwezi unaofuata kima cha chini kinashuka kidogo, nawe unafurahi kimeshuka, na kwa mwendo huo utaliburuta deni zaidi ya miaka 10 hata kama hununui tena hata pipi. Sasa lipa dola 118 kila mwezi bila kushuka, na miezi 36 haiishi deni likiwa hai. Tofauti ya mwezi wa kwanza ni dola 28.

Hesabu hii huna haja ya kuifanya mwenyewe. Sheria ya kadi ambayo Obama aliitia saini Mei 2009 inailazimisha kampuni kuichapa kwenye kila bili: ukilipa kima cha chini utamaliza lini, na ulipe kiasi gani ili umalize kwa miaka 3. Tafuta kisanduku hicho kwenye bili yako ya mwezi huu. Watu wengi wanakiruka kwa sababu kiko jirani na kile cha kiasi unachodaiwa, na macho hukimbilia kima cha chini.

Binti wa uuguzi, sasa wewe. Hili la "bakiza kidogo alama zipande" nimelisikia kwenye vyumba vya kubadilishia nguo hospitalini, misikitini, kwenye vikao vya harusi, na anayelisema huwa na uhakika kweli kweli. Ni uongo. Deni unalobakiza halikuongezei alama hata moja, linakuongezea riba. Tena linakupokonya kitu: ukilipa lote, manunuzi yako yana siku kadhaa za kukaa bila riba hadi tarehe ya kulipa, lakini ukishabakiza, hata kitunguu ulichonunua jana kinaanza kuhesabiwa riba jana hiyo hiyo.

Nadhani uvumi ulitokana na watu kuchanganya tarehe mbili. Kila mwezi kuna siku ya kufunga hesabu, siku ambayo bili inatengenezwa, halafu kuna tarehe ya mwisho ya kulipa, ambayo kwa sheria lazima iwe angalau siku 21 baada ya bili kutumwa. Kwa kawaida kampuni inaziambia zile ofisi tatu deni lako lilivyokuwa siku ya kufunga hesabu. Chukua mtu mwenye kikomo cha dola 1,000. Katumia 800, bili ikafungwa, akalipa zote 800 kwa wakati. Riba sifuri, safi kabisa. Lakini kwenye ripoti anaonekana ametumia 80% ya kikomo, na alama zake zinashuka, naye anabaki kushangaa: nimelipa lote, mbona? Basi rafiki yake anamwambia, "umeona, ulipaswa kubakiza."

Dawa ni kulipa sehemu kubwa kabla ya siku ya kufunga hesabu, ili bili itoke ndogo, kisha ulipe kilichobaki kabla ya tarehe ya mwisho. Katika alama za FICO, zinazoanzia 300 hadi 850, kulipa kwa wakati kuna uzito wa 35%, na kiasi unachodaiwa, hasa ukilinganisha na kikomo chako, kina 30%. Hayo mawili peke yake ni karibu theluthi mbili ya mtihani. Umri wa akaunti zako ni 15%, na kuomba mikopo mipya na aina za mikopo uliyonayo ni 10% kila kimoja. Panga malipo ya moja kwa moja kutoka benki, ya deni lote kama unaweza, au angalau kima cha chini ili usisahau ukiwa zamu ya usiku. Na tarehe ya kulipa inabadilishika: piga simu uombe isogezwe ifuate siku ya mshahara.

Ripoti yako yenyewe iangalie bure kwenye annualcreditreport.com, hata kila wiki ukitaka. Ukiona tovuti nyingine inakuomba namba ya kadi ili ikuonyeshe ripoti "ya bure", funga.

Kwa waliofika juzi. Hata kama Mwanza ulikuwa na nyumba, gari na mkopo wa benki uliomaliza kulipa, kompyuta za huku hazikujui. Anza na kadi ya dhamana: unaweka amana, tuseme dola 200, na hizo 200 ndizo zinakuwa kikomo chako. Ukilipa vizuri kwa muda wanakurudishia amana na kukupa kadi ya kawaida. Kabla ya kusaini uliza mambo mawili tu: wanapeleka habari kwenye ofisi zote tatu? Ada ya mwaka ni ngapi? Jihadhari na kadi za watu "wenye alama mbovu" zinazokuja na ada za kila namna. Sheria inasema ada za mwaka wa kwanza zisizidi 25% ya kikomo, na zipo kampuni zinazogota hapo hapo kwenye mstari: kikomo dola 300, ada 75, na bado hujanunua mkate.

Ndugu zangu mliotoka kambini, Nyarugusu au Kakuma, mna deni moja ambalo wengine hawana: tiketi ya ndege mliyokopeshwa kupitia IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Mkopo ule hauna riba, na mashirika mengi yanayoukusanya hupeleka habari za malipo yako kwenye ofisi za kumbukumbu. Ukiulipa kwa wakati unajenga jina tangu mwaka wa kwanza. Ukiuacha ukidhani ni msaada, unaanza maisha na doa.

Mama wa Louisville, nimekusoma mara mbili. Kadi uliyokuwa ukiitumia ni ya mumeo, jina ni lake, na sifa yote ya malipo yako kaipata yeye. Hata kama alikuandikisha kama mtumiaji aliyeruhusiwa, akaunti ni yake na anaweza kukufuta kwa simu moja. Lakini usikubali barua ya kukataliwa iwe mwisho wa maneno. Sheria inawataka wakuambie sababu za kukukataa, au wakuambie una haki ya kuziuliza, na una siku 60 za kupata ripoti yako bure kutoka ofisi waliyoitumia. Soma sababu. Kisha wapigie, waombe mtu alitazame ombi lako upya, jambo hilo linafanyika kila siku. Na kama uliandika mapato yako ni sifuri kwa vile unalea watoto nyumbani, hapo ndipo pana tatizo: tangu 2013, mtu mwenye miaka 21 au zaidi anaruhusiwa kutaja na mapato ya nyumba ambayo kwa haki anayafikia, ukiwemo mshahara wa mume. Andika hayo. Kabla ya sheria ya 1974 benki za nchi hii ziliweza kumwambia mwanamke arudi na mumewe, na haki hiyo wanawake waliitafuta kwa jasho, kwa hiyo itumie. Chukua kadi moja ndogo ya jina lako mwenyewe, mpe mzee habari kwa upole, na asipofurahi mwambie Dada kasema.

Kuhusu kumweka mpwa au shemeji kwenye kadi yako, fupi: akitumia, mdaiwa ni wewe peke yako. Na namba yako ya Social Security usimpe mtu "aikopee mara moja tu". Ukiwa na wasiwasi kwamba kuna aliyeipata, funga ripoti yako kwenye ofisi zote tatu. Tangu Septemba 2018 ni bure, na unaweza kufunga hata ya mtoto wako.

Jambo linalotuhusu sisi kuliko majirani zetu ni kutuma pesa nyumbani. Simu inaingia saa tisa usiku: mama kalazwa, ada ya shule, msiba. Programu ya kutuma pesa inakuuliza utalipa kwa nini, na kadi ya mkopo iko pale pale imeshahifadhiwa. Unabonyeza. Benki nyingi zinahesabu malipo hayo kuwa umetoa pesa taslimu, sawa na kwenda mashineni. Maana yake kuna ada, mara nyingi 5%, riba yake ni kubwa kuliko ya manunuzi, na inaanza siku hiyo hiyo hata kama huwa unalipa lote. Dola 500 za mama zinakuwa 525 kabla hazijafika, bila kuhesabu ada ya anayetuma. Tumia kadi ya benki ya kawaida au akaunti moja kwa moja. Na ukijijua una moyo mwepesi simu za usiku zikilia, ipigie kampuni uombe kikomo chako cha pesa taslimu kishushwe kabisa, ili usiku wa manane kadi ikukatalie yenyewe. Michango ya harusi nayo ipitie njia hiyo hiyo. Bibi harusi atafurahi tu hata kama umetoa nusu.

Ukienda likizo, beba kadi isiyo na ada ya nje ya nchi, maana nyingi hutoza hadi 3% kwa kila unachonunua. Hoteli ya Zanzibar au duka la Mombasa mashine ikikuuliza ulipe kwa dola au shilingi, chagua shilingi. Ukichagua dola, wanakubadilishia pesa kwa bei yao, na haiwi bei ya kukupendelea.

Wapo walioniuliza kuhusu riba kwa upande wa dini. Hilo mpelekeeni sheikh, mimi si mwanachuoni. La kibenki ninaloweza kumpelekea habari ni hili: mwenye kulipa lote kila mwezi hatozwi riba ya manunuzi, lakini mkataba aliosaini bado una sharti la riba endapo atachelewa. Mwambieni vyote viwili, msimfiche nusu.

Umeagiza kochi kwenye mtandao, hakuja mtu, muuzaji kazima simu. Au kuna malipo usiyoyajua kwenye bili. Hapa kadi ya mkopo inakulinda kuliko kadi ya benki. Mwizi akitumia kadi yako ya mkopo, sheria inasema hasara yako haizidi dola 50, na kampuni nyingi hazikudai hata hizo. Akitumia kadi ya benki, ukitoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi tangu ujue, ni dola 50. Ukichelewa inaweza kufika 500, na ukikaa zaidi ya siku 60 tangu utumiwe taarifa ya akaunti inaweza kuwa pesa yote inayochukuliwa baada ya hapo, na hiyo ni pesa yako halisi, ya kodi ya nyumba. Kwa hiyo kwenye mitandao na pampu za mafuta tumia ya mkopo.

Kupinga malipo piga simu, sawa, lakini haki yako kamili inataka maandishi, ndani ya siku 60 tangu bili yenye kosa ilipotumwa, kwa anwani ya maswali ya bili. Anwani hiyo mara nyingi si ile ya kupelekea malipo, itafute nyuma ya bili. Wanatakiwa wakujibu kwamba wamepokea ndani ya siku 30, na wamalize uchunguzi ndani ya siku 90. Wakati huo kiasi unachobishania hulazimiki kukilipa, ila kilichobaki kwenye bili lipa kama kawaida. Wengi hukasirika wakagoma kulipa bili yote, wakajikuta wao ndio wenye kosa.

Na pesa zikikata kweli, kazi imekwisha, mtoto anaumwa? Piga simu kabla ya kukosa malipo, si baada ya miezi mitatu ya kukimbia namba. Uliza wana mpango gani kwa mteja aliyepatwa na shida. Kampuni nyingi zinao, ila hawautangazi. Ukiona madeni yamekuzidi, tafuta mshauri wa shirika lisilo la faida kupitia NFCC, mtandao wa kitaifa wa washauri wa mikopo, na mkimbie yeyote wa simu anayetaka umlipe kwanza ndipo "akufutie" deni. Hilo haliruhusiwi.

Deni likishafika kwa wakusanyaji, kumbuka kwamba hawaruhusiwi kukupigia kabla ya saa 2 asubuhi wala baada ya saa 3 usiku, na ukiwaandikia ndani ya siku 30 tangu wakupe maelezo ya deni, lazima wasimame hadi wathibitishe. Anayekutisha kwamba utafungwa anavunja sheria. Hafungwi mtu kwa kudaiwa kadi. Lakini karatasi ya mahakama ikija, nenda. Usipoenda wanashinda bila ubishi, na katika majimbo mengi wanaweza kukata mshahara wako. Mkifikia makubaliano ya kulipa pungufu, yaombe kwa maandishi kabla ya kutuma senti, na ujue kwamba kilichosamehewa, kikifika dola 600, huenda kikahesabiwa kama pato siku ya kodi.

La mwisho ni la yule anayetaka kufunga kadi yake ya zamani kwa sababu ada ya mwaka imepanda. Usiifunge kwanza. Piga, sema unafikiria kuondoka, usikie watakupa nini. Wasipokupa kitu, omba wakubadilishie iwe kadi yao isiyo na ada. Kwa kawaida akaunti inabaki ile ile na umri wake, na kikomo chako hakipungui.

Mwezi ujao ni mikopo ya magari, leteni maswali. Ila nawaomba jambo moja, na nasema na wewe wa Minneapolis hasa: ukinitumia picha ya bili yako, ziba namba ya kadi kwanza.